Barua ya wazi kwa wakuu wa Warhammer: Wafu wa Khemri na wafu wa Sylvania msiwafanye jeshi moja

Kwa wakuu wa studio ya Games Workshop,
Nottingham, Uingereza.

YAH: TETESI ZA JESHI LA WANYONYA DAMU KATIKA THE OLD WORLD

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Wakubwa zetu, shikamooni. Mimi ni mchezaji wa mchezo wenu wa vita vya mezani, hapa Tabora mjini, na jeshi langu ni la mifupa. Naandika kwa jina langu peke yangu. Wenzangu wa barazani, mtaa wa Ng'ambo, wameisoma barua hii kabla haijatoka, na wawili wamekataa katakata kutia sahihi. Wao wanataka wanyonya damu waje haraka, kwa namna yoyote ile, hata kama ni kwa kubebwa mgongoni mwa jeshi langu. Mimi nasema hapana, na hoja yangu yote iko hapo.

Kwa kuwa barua ni ya wazi na itapita mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuliona dubwana hili, niwieni radhi nieleze kidogo mambo ambayo ninyi mnayajua kuliko mimi.

Warhammer ilianza mwaka 1983. Watu wawili wanakaa pande mbili za meza, kila mmoja na jeshi lake la visanamu virefu kama pingili ya kidole gumba, vimepangwa safu kwa safu. Umbali unapimwa kwa futi ya fundi, kwa inchi. Mapigano yanaamuliwa kwa dadu. Kila kisanamu kina thamani yake ya pointi, na kabla ya kuanza mnakubaliana jumla ili asije mtu na jeshi la kumzidi mwenzake mara mbili. Rangi unapaka mwenyewe. Nyuma ya visanamu kuna hadithi ndefu ya dunia nzima ya kubuni, yenye ramani, kalenda, falme na ukoo wa kila mfalme, na kwa kweli nusu ya wachezaji wako humo kwa ajili ya hadithi kuliko dadu.

Mwaka 2015 mliimaliza dunia hiyo. Si kwa mfano; mliandika mpaka ikaisha, kisha mkaanzisha nyingine kwa jina la Age of Sigmar. Januari 2024 mkairudisha ile ya kale, safari hii ikiitwa The Old World, na hadithi ikarudishwa nyuma hadi mwaka 2276 wa kalenda ya Dola, himaya kubwa ya wanadamu katika hadithi hiyo, zama ambazo Dola lilikuwa likigombaniwa na wafalme wengi kwa wakati mmoja. Majeshi tisa mkayatangaza kuwa ndiyo yatakayoendelezwa. Tomb Kings, ambao barazani kwetu tunawaita Wafalme wa Kaburini, walikuwa miongoni mwa mawili ya kwanza kabisa, pamoja na Bretonnia. Majeshi mengine saba mliyatolea kanuni kwenye mafaili ya bure, mkasema wazi kwamba hayamo kwenye mpango. Humo ndimo walimoachwa Vampire Counts, yaani wanyonya damu na misafara yao ya maiti.

Hadi hapo hapakuwa na utata. Anayetaka wanyonya damu anapakua faili lake, anacheza, anamshukuru Mungu. Kisha mwaka 2025 mkaleta Cathay. Cathay haikuwamo katika yale tisa wala katika yale saba. Jeshi zima, jipya, likatokea mashariki na maputo yake ya hewani na majoka yake. Ukuta uliotenganisha walioahidiwa na wasioahidiwa ukaanguka siku ile, na tangu hapo hakuna jioni inayopita bila mtu kuniuliza: "Sasa wanyonya damu je?"

Tetesi zenyewe zinajadiliwa kwa moto ule ule wa dirisha la usajili wa Simba na Yanga. Kuna anayedai ana mtu wa ndani. Kuna aliyeona kipande cha picha, kona ya jiwe la kaburi nyuma ya mguu wa askari, akajenga juu yake ghorofa tatu za hoja. Mwingine anasoma kila sentensi yenu ya matangazo kama hakimu anavyosoma mkataba wa kiwanja, na akikuta "kwa sasa" anaruka dirishani kwa furaha. Siwacheki. Nami nimo.

Lakini katika kelele hizo kuna hoja tatu zenye uzito, na ningependa mzisikie kutoka kwa mtu asiye na mtu wa ndani.

Ya kwanza ni ya kalenda, na hutolewa na wale wanaosema wanyonya damu hawaji. Wanasema: hadithi yenu iko mwaka 2276. Vlad von Carstein, mkuu wa wanyonya damu, aliangukia kwenye kuta za Altdorf, mji mkuu wa Dola, mwaka 2051. Mannfred, wa mwisho katika wale wakubwa wa ukoo ule, alipigwa kwenye kinamasi cha Hel Fenn mwaka 2145. Kwa hiyo Sylvania, mkoa wao, imekaa zaidi ya miaka mia moja na thelathini bila bwana anayejulikana. Jeshi la nani basi litakalotoka? Hoja hii ni safi na sijasikia mtu akiipangua kwa haki. Jibu la kawaida ni kwamba mnyonya damu hafi, Mannfred atafufuka tu. Atafufuka, ndiyo, lakini kwenye kalenda yenu kurudi kwake kulikokwisha kuandikwa ni baadaye sana. Mkimwamsha mapema mtakuwa mmevunja kalenda ambayo mmeifanya kuwa fahari ya mchezo huu mpya.

Ya pili ni ya biashara, na hiyo siigusi sana. Visanamu vya mifupa na maiti vipo tayari katika ile dunia nyingine ya Age of Sigmar, hasa tangu mlipotoa jeshi la wanyonya damu la Soulblight Gravelords mwaka 2021. Wanaosema jeshi halitakuja hudai hamtataka kuuza mnyonya damu mmoja katika michezo miwili. Wanaosema litakuja hudai hiyo ndiyo njia rahisi, kisanamu kimoja, vibao viwili vya kusimamia, cha duara na cha mraba. Mnajua wenyewe hesabu zenu.

Ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Nayo ni hii: kwamba mtawaleta wanyonya damu kwa kuwatia ndani ya Wafalme wa Kaburini. Kitabu kimoja, "wafu" kwa jumla, chagua mfalme wa Khemri, mji wa Wafalme wa Kaburini, au chagua mnyonya damu, mifupa ni mifupa.

Msiseme hilo haliwezekani, kwa sababu mmekwisha kulifanya mara mbili. Kitabu cha mwaka 1994 kilikuwa cha wafu wote pamoja: wachawi, wanyonya damu, wafalme waliofungwa sanda, na Nagash mwenyewe, mchawi mkuu wa wafu, juu yao. Ilipofika 1999 wanyonya damu wakapata kitabu chao, na miaka michache baadaye wafalme wakapata chao, na kwa mara ya kwanza kila mmoja akawa na sura. Mwaka 2014, mlipokuwa mnaimaliza dunia, mkamrudisha Nagash na kuwapanga wafu wote chini ya bendera yake tena. Kilichofuata kinajulikana. Dunia ikaisha 2015, na mwanzoni mwa 2016 Wafalme wa Kaburini wakaondolewa madukani kabisa. Wanyonya damu waliendelea kuwa na mahali pa kukaa katika dunia mpya. Wafalme hawakupata hata kibaraza. Waliobaki kuwakumbuka ni waliokuwa na visanamu vyao vya zamani, na watu kama sisi, ambao tulikutana nao kwenye kompyuta mwaka 2018 walipoongezwa kwenye gemu ya Total War: Warhammer II. Yaani miaka miwili baada ya kufutwa mezani, wakafufukia kwenye skrini, na kwa skrini hiyo wengine tukajua kwamba kuna meza.

Kwa hiyo mnielewe ninapoogopa kuunganishwa. Kila walipounganishwa, aliyemezwa alikuwa ni mmoja, na hakuwa mnyonya damu.

Sasa niseme kwa nini naona ni vifo viwili tofauti, visivyopikika katika chungu kimoja.

Watu wa Tabora hawahitaji kufundishwa habari za maiti anayetembea. Kila aliyelelewa hapa amesikia habari za misukule. Mtu anakufa ghafla, anazikwa, watu wanalia na kutawanyika, kumbe kilichozikwa ni mgomba. Mwenyewe yuko kwa mchawi. Amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, na usiku analimishwa shamba la yule aliyemchukua. Hana jina tena, hana hasira tena, hata ndugu zake wakipita barabarani hawatambui. Kinachotisha katika hadithi hiyo ni kazi. Umekufa na bado unatumikishwa, na faida ni ya mwingine.

Hao ndio wafu wa Sylvania, kwa asilimia zote. Maiti wa mkulima anayechimbuliwa na kusukumwa mbele ya mikuki ili bwana wake, aliyevaa joho la hariri, asichubuke. Kanuni zenu za zamani zililijua hilo vizuri: ukimuua jenerali mnyonya damu, jeshi lake lote linaanza kubomoka. Zile maiti hazikuwa na sababu yao wenyewe ya kusimama. Mikono iliyoshika kamba ikilegea, zinaanguka. Huo ni utunzi mzuri sana, na nawapa heshima yenu. Hata yule anayenyonya damu mwenyewe si mgeni kwetu; wazee wetu walikuwa na mumiani, na watoto wa enzi zao walifundishwa kutokaa barabarani giza likiingia kwa sababu kuna watu wanaotafuta damu ya kuuza.

Wafalme wa Khemri ni kitu kingine kabisa. Settra, mfalme wa Khemri, aliziunganisha falme za Nehekhara, nchi yao ya jangwani, akashinda kila aliyemtaka, kisha akagundua adui mmoja asiyeweza kumteka. Akaunda ukuhani mzima kwa kazi moja, kutafuta njia ya kuishinda mauti. Makuhani wakamwahidi kwamba siku moja ataamka katika mwili wa dhahabu, atawale milele. Akakubali kuzikwa na askari wake, magari yake ya vita na farasi wake, kama mtu anayefunga mizigo ya safari. Wafalme waliomfuata wakafanya hivyo hivyo, karne baada ya karne, mpaka jangwa likajaa piramidi zenye majeshi yaliyolala yakingoja tarumbeta.

Kisha akaja Nagash, mzaliwa wa Khemri, kuhani aliyekosa kiti cha ufalme kwa kuwa mzaliwa wa kwanza huko hupelekwa hekaluni. Akamzika ndugu yake akiwa hai, akatawala, akafukuzwa, na mwisho akaitia sumu maji ya mto mkuu uliowalisha wote. Nchi nzima ikafa. Alikuwa amekusudia kuwaamsha wote wawe watumwa wake, misukule wa taifa zima. Lakini mfungwa wake, mfalme Alcadizaar, akafunguliwa na watu-panya na kupewa upanga, akamuua kabla hajawatia mkononi. Uganga ukafanya kazi, bwana hakuwepo. Wafalme wakaamka na akili zao, na majina yao, na kiburi chao, wakajitazama mikono wakaona mifupa iliyofungwa vitambaa vilivyooza. Dhahabu iko wapi? Milele yenyewe ndiyo hii?

Hilo ndilo jeshi langu. Hawajafufuliwa na mtu. Wameamka wamedhulumiwa, wana madai, na wanaijua ardhi yao mpaka wapi. Ukivuka mpaka kuiba kikombe kimoja cha kaburini, watakufuata bahari saba kukidai kikombe hicho.

Nitawaambia pia kwa nini mtu wa Tabora humpenda Settra kwa urahisi. Mji huu ulikuwa makao ya Unyanyembe, njia panda ya misafara yote iliyotoka pwani kwenda maziwani. Mirambo alipoifunga barabara hiyo mwaka 1871, waliozoea kupita bila kuuliza walijifunza kuuliza. Mtemi Isike, Januari 1893, Wajerumani wa Tom von Prince walipolivunja boma lake, aliwasha ghala la baruti akiwa ndani kuliko kuwapa furaha ya kumkamata. Watoto wa hapa wanakua wakipita penye majina hayo. Mnapoandika mfalme ambaye hata maiti yake inakataa kupiga goti mbele ya Nagash, sisi hatuhitaji maelezo ya ziada. Huyo tunamjua.

Sasa mtie huyo kwenye kitabu kimoja na yule anayelimisha misukule. Mtafanyaje? Ama mtampunguza Settra awe kamanda wa mifupa tu, ama mtawapa maiti wa Sylvania utu ambao hadithi yao imejengwa juu ya kunyang'anywa. Vyovyote vile, kuna kifo kimoja kitakuwa kimepotea.

Na hasara hiyo itaonekana mezani kabla ya kuonekana kitabuni. Chukueni kitu kidogo, jinsi kikosi kinavyoshindwa. Askari wa kawaida wakishindwa pambano hurudi nyuma au hukimbia. Wafu hawakimbii, tofauti ya alama walizoshindwa wanailipa kwa miili. Umeshindwa kwa nne, unaondoa wanne. Jumamosi moja nilikuwa na kikosi cha mikuki ishirini mbele ya wapanda farasi wa Bretonnia. Shambulio la kwanza likala saba, na hesabu ya kushindwa ikataka kula zaidi. Ila mfalme alikuwa safu ya mbele, na kwa kanuni yenu uwepo wake unapunguza deni lile, kwa hiyo kikosi kikapungua bila kusambaratika. Zamu iliyofuata kuhani akasoma, wanne wakanyanyuka vumbini na kurudi kwenye safu. Mwenzangu aliyeshika wale farasi akavua kofia, akaiweka juu ya meza, akasema, "Hawa watu hawana haya." Hapo ndipo hadithi na dadu zilipozungumza lugha moja. Mfalme yupo, watu wake wanasimama kwa sababu ni mfalme wao, si kwa sababu kuna mkono gizani umeshika kamba.

Kanuni hiyo hiyo ukimpa mnyonya damu inakuwa uongo. Yeye apewe ya kwake: maiti nyingi, za bei rahisi, zinazonyanyuka kwa wingi na kuanguka kwa wingi, na hofu ya kweli kwa mchezaji kila bwana anapokaribia upanga wa adui. Mnayo tayari kwenye lile faili la bure. Ipanueni. Msiikate ili iingie kwenye jeneza la mwingine.

Je, basi nasema wanyonya damu wasije? Hapana, na hapa ndipo nitawaudhi wale wenzangu wa hoja ya kalenda. Waje. Ila wasije kupitia Sylvania.

Leteni Lahmia.

Kila mtu anawatazama akina von Carstein, majoho na majumba yao ya mawe, akasahau kwamba mnyonya damu wa kwanza hakuzaliwa kaskazini penye ukungu. Neferata alikuwa malkia wa Lahmia, mojawapo ya miji ya Nehekhara yenyewe. Jua lile lile, ukuhani ule ule, ukoo wa falme zile zile. Dawa aliyokunywa ilikuwa jaribio la kuiga ile ya Nagash. Alipofukuzwa jangwani hakufa. Alikwenda milimani, akaiteka Silver Pinnacle kutoka kwa mbilikimo, na humo amekaa karne kwa karne akituma wasichana wake kwenye majumba ya wafalme wa watu walio hai, wengine wakiwa wake za wafalme hao, wengine washauri. Mwaka 2276 yuko wapi? Yuko pale pale. Hakuangukia Altdorf, hakuzama Hel Fenn. Kalenda yenu haivunjiki hata kwa siku moja. Tena zama hizo Dola limegawanyika, kila mwenye kiti anataka kuwa mfalme mkuu, na hakuna wakati mzuri kuliko huo kwa malkia anayetawala kwa kunong'ona nyuma ya pazia.

Na tazameni faida yake. Badala ya majeshi mawili ya wafu yanayofanana kwa mifupa, mnapata mawili yanayochukiana kwa sababu inayojulikana. Settra na Neferata ni watu wa nchi moja. Mmoja aliahidiwa umilele akadhulumiwa, mwingine aliuiba umilele akaupata, mzuri vile vile kama alivyokuwa, na ngozi yake juu. Mfalme aliyefungwa vitambaa anapomwona yule mwanamke upande wa pili wa meza, hamhitaji kuandika aya hata moja kueleza kwa nini wanapigana. Hayo ndiyo makisio yangu mimi katika tetesi zote hizi, na siyapati kwa mtu wa ndani. Nayapata kwa kusoma mlichokiandika wenyewe.

Wapo pia wapanda farasi wa Blood Dragon, wale wanyonya damu waliochagua upanga kuliko kasri. Nao hawahitaji Sylvania. Wangefaa kuwa mkono wa pili wa jeshi hilo, wa wale wasiopenda mambo ya pazia. Wa Strigoi, ukoo mwingine wa wanyonya damu, nawaachia wanaowapenda. Mimi harufu yao hata kwenye karatasi siiwezi.

Kuhusu visanamu, niseme neno moja na kupita. Huku kwetu jeshi zima la plastiki kutoka Uingereza ni habari ya mishahara kadhaa, kwa hiyo tunachonga. Vibao vya kusimamia ni vipande vya mninga vinavyookotwa kwa mafundi seremala, vimekatwa mraba kwa vipimo vyenu hasa. Mafuvu tunafinyanga kwa nta ya nyuki, ambayo Tabora haijawahi kuikosa, juu ya waya mwembamba. Inashika alama ya sindano vizuri. Tundu mbili za macho, mistari ya meno, basi. Ubaya wake ni Oktoba. Jua la Oktoba likiingia barazani mikuki yote inainama kwa pamoja, na kikosi kilichokuwa kinatisha kinaonekana kinasujudu. Tumejifunza kukihifadhi ndani ya mtungi.

Mama wa mmoja wa vijana wetu aliyakuta mafuvu thelathini yamepangwa dirishani yakikauka rangi. Akaita: "Wewe, njoo hapa. Haya mafuvu ni ya nani?"

"Ya mfalme, mama."

"Mfalme gani anaishi nyumbani kwangu silipwi kodi?"

Ikabidi aelezwe habari yote, kuanzia mto uliotiwa sumu hadi ahadi ya dhahabu. Alisikiliza akichambua mchele mpaka mwisho. Akasema wale makuhani walistahili kurudisha sadaka za watu. Tangu siku hiyo mafuvu yana ruhusa, ila sebuleni hayaruhusiwi wageni wakiwepo, na nyumba mbili tatu jirani bado zinaamini tunafuga majini. Hilo ni letu, tutalimaliza wenyewe.

Ombi langu la mwisho linahusu yale mafaili ya bure. Mkiwaleta wanyonya damu kwa kitabu rasmi, mtashawishika kuliondoa faili la zamani ili watu wanunue kipya. Naomba lisiondolewe. Wengi wa walioingia mchezoni hapa waliingia kupitia mlango huo: faili limepakuliwa kwa bando la usiku, likachapwa nyeusi na nyeupe kwenye steshenari, likabanwa pini pembeni. Anayecheza kwa karatasi leo ndiye atakayekusanya fedha kununua malkia wenu wa Lahmia mkimtoa vizuri. Na wale wa majeshi mengine sita yaliyobaki humo, watu-panya na wenzao, nao wana tetesi zao na barua zao, sitawasemea.

Kama uamuzi umekwisha kufanyika na wanyonya damu hawaji, semeni hawaji. Hapa kuna kijana aliyeacha kupaka rangi tangu mwaka jana, jeshi lake liko nusu, hajui amalizie kwa kanuni za bure au angoje. Neno moja kutoka kwenu litamfungua, liwe ndiyo au hapana. Na kama wanakuja, kitabu chao kiwe chao, na cha Khemri kibaki cha Khemri.

Wenu,
Mchezaji wa Tomb Kings,
Ng'ambo, Tabora.